UZI: Stelingi hafi, najua kabisa, na bado sijalala

UkurasaMmojaTu (mleta mada)

Wakuu habari za muda huu. Najua ni saa tisa usiku na wenye akili zao wamelala, ila mimi nimetoka kumaliza riwaya ya kutisha sasa hivi na kuzima taa siwezi, kwa hiyo nimeona nianzishe uzi tupige stori mpaka kupambazuke.

Ishu ni hii. Jana jamaa yangu kanikuta na kitabu akauliza nasoma nini, nikamwambia, akacheka sana, akasema "sasa wewe si unajua kabisa stelingi hafi, unasoma nini hapo?" Nikakosa jibu. Nimekaa nalo kutwa nzima maana kweli najua. Stelingi hafi. Kwenye za mapenzi watagombana weee halafu watapatana, kwenye za upelelezi muuaji ataumbuliwa mbele ya watu wote sebuleni, kwenye za kutisha yule aliyesema "nyie kaeni hapa ngoja nikaangalie peke yangu" huyo tumeshamzika. Najua yote hayo hata jalada sijafungua, na moyo unanidunda vilevile.

Sasa nadhani jibu nimelipata saa hizi. Kumbuka mtoto anavyosimuliwa hadithi. Paukwa! Pakawa! Ni ile ile ya sungura ya jana na juzi, na ole wako uruke kipande, atakukatisha hapohapo "hapana, hapo sungura alicheka kwanza". Anaijua neno kwa neno, na fisi akitokea anajifunika shuka gubigubi kama ndio mara ya kwanza. Kujua ndiko kunakompa ujasiri wa kuogopa. Mimi ni yule mtoto, nimeota ndevu tu.

Ngoja niwape kipande cha kitabu chenyewe, jina sitaji nisije nikamharibia mtu. Kuna mlinzi wa usiku kwenye jengo la maofisi, kazi yake kuandika kwenye daftari nani kaingia nani katoka. Usiku mmoja anafunga hesabu: wameingia 41, wametoka 42. Anasema nimekosea. Anahesabu tena kwa kidole, mstari kwa mstari, 42. Anaangalia jina la mwisho, halisomeki vizuri, ila saa ya kutoka imeandikwa na mwandiko ni wake yeye mwenyewe. Basi, sura imeishia hapo. Hakuna damu, hakuna aliyepiga kelele, ni daftari tu na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Nilifunga kitabu nikakaa kimya kama dakika mbili hivi nasikiliza nyumba.

Halafu nikaona kuna mtu amesimama nyuma ya mlango. Ni shati langu, nimelitundika mwenyewe saa moja jioni. Nikasema hiki kitabu hakilali na mimi chumba kimoja, nikakipeleka sebuleni, nikarudi, nikajilaza, halafu likaja wazo kwamba sasa huko sebuleni kiko peke yake gizani. Nikaenda kukichukua.

Naomba mniambie siko peke yangu.

SikioLaUsiku

Hauko peke yako mkuu, mimi mwaka juzi nililala na viatu.

Ila nataka nikuongezee kitu hapo kwa mlinzi wako. Kuna mwanamama wa Uingereza, Ann Radcliffe, mwishoni mwa karne ya 18 alikuwa anaandika riwaya za majumba ya giza na korido ndefu na watu walikuwa wanazigombania, basi kuna maandishi yake yalitoka 1826 mwenyewe keshafariki, anasema hofu ziko mbili na ni kinyume kabisa. Moja inaitanua nafsi na kuziamsha akili zote, nyingine inazikunja na kuzigandisha. Ile ya kwanza inatokana na kisichoonekana vizuri. Ndio maana daftari linatisha kuliko maiti. Maiti ushaiona, yameisha, unaangalia pembeni. Ila 42, akili inaanza kufanya kazi yenyewe bila kutumwa. Mtu mwenye masikio makali kama yangu ndio kabisaa, nasikia mpaka friji linavyopumua.

Na hizi mambo zinatokana na watu kukaa ndani bila shughuli jamani. Mwaka 1815 volkano ya Tambora kule Indonesia ililipuka, mwaka uliofuata Ulaya kiangazi hakikufika, mvua na baridi tu. Binti wa miaka 18, Mary Shelley, ila wakati huo bado hajaolewa na huyo Shelley, yuko na wenzake karibu na ziwa la Geneva hawawezi kutoka nje, mshairi Byron aliyekuwa nao akasema basi kila mtu aandike hadithi ya mizimu. Huyo binti ndio akaja kutoa Frankenstein, ile riwaya ya zimwi lililotengenezwa na mtu, 1818. Na daktari wa Byron aliyekuwepo humo humo, Polidori, 1819 akatoa hadithi ya mnyonya damu ambayo ma-vampaya wote mnaowaona leo wamevaa suti ni wajukuu zake. Yaani mvua moja, mazimwi mawili.

Mtu Makini

Samahanini sana wakuu sitaki kuharibu mood ya uzi ila mtu mzima anakesha anaogopa shati lake? Kuna vitabu vya historia, uchumi, falsafa, vya kukujenga. Hizi riwaya zenu ni fomula tupu. Ukisoma moja umesoma zote. Ni mtazamo wangu tu msinishambulie.

MfukoWaKitenge

Kaka Mtu Makini, kwanza shikamoo maana unaandika kama mjomba wangu.

Fomula unasema. Mpira una dakika tisini, magoli mawili, refa mmoja na mlinda mlango anatema mate palepale kila wiki, mbona sijawahi kukusikia unasema ukiangalia mechi moja umeangalia zote? Unajua sheria ndio maana unaruka kwenye kiti. Ungekuwa hujui ofsaidi ni nini usingetukana.

Mimi ni msomaji wa za mapenzi, tena sijifichi, huwa natembea nacho mkononi jalada likiangalia mbele na yule kaka kifua wazi anasalimia watu. Wenyewe waandishi wa riwaya za mapenzi wa Marekani wana chama chao na wamekubaliana vitu viwili tu: mapenzi yawe ndio uti wa mgongo wa hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Basi. Mmoja akifa mwishoni inaweza ikawa riwaya nzuri tu, nitalia, nitamsifu mwandishi, ila usije ukaniwekea kwenye rafu yangu ya mapenzi maana hapo umeniuzia mbuzi kwenye gunia.

Na kwa sababu najua watapatana, nina nafasi ya kuangalia WANAVYOpatana. Kuna moja nimesoma wawili wanafanya kazi sehemu moja hawapikiki chungu kimoja, yaani hata barua pepe wanaandikiana kwa kununiana. Siku hiyo mvua, mwavuli mmoja, wanatembea mpaka kituoni wanabishana njia nzima kuhusu ripoti. Ripoti jamani! Kurasa tatu za ripoti. Wanafika, yeye dada anafunga mazungumzo anageuka kuaga, ndio anaona bega la kushoto la yule kaka limelowa chapachapa mpaka shati limegandia mwilini, na yeye mwenyewe hajapata hata tone. Mwandishi hajasema kitu. Dada kaangalia lile bega, kasema "ripoti nitaimalizia mimi", kaingia kwenye basi.

Hakuna aliyeguswa hapo. Nilirudia huo ukurasa mara nne na nikapiga mto ngumi.

Kitu kimoja tu sisamehe: kutoelewana ambako simu moja ingemaliza. Kamwona na dada yake kwenye mgahawa, kadhani ni mchumba, kahama mji, sura nane analia. Uliza basi! "Yule nani?" Maneno mawili. Hapo huwa natupa kitabu ukutani kisha naenda kukiokota maana nataka kujua.

UkurasaMmojaTu

Dada MfukoWaKitenge umenikumbusha aibu yangu. Mimi za mapenzi nilikuwa nasoma kwa kufunika jalada na gazeti, upande wa juu ikatokea picha ya waziri fulani, kwa hiyo watu kwenye basi wananiona nimemkazia macho waziri halafu nacheka peke yangu halafu machozi yananilenga. Nadhani walikuwa wananionea huruma.

Hilo bega naomba jina la kitabu inboksi tafadhali.

KidoleGumba

Mleta mada na mimi niingie. Umesema stelingi hafi. Kuna aliyekufa. 1893 mwandishi Conan Doyle alimchoka mpelelezi wake Sherlock Holmes, akamtupa kwenye maporomoko ya Reichenbach Uswisi yeye na adui yake, akadhani ameshamaliza biashara aandike mambo anayoyaona ya maana, riwaya za kihistoria na nini. Wasomaji walikuja juu vibaya mno. Akakaza, akakaza, 1901 akalegea kidogo akatoa mkasa mpya lakini akasema hii ilitokea kabla hajafa, 1903 akasalimu amri akamfufua kabisa na maelezo yake kwamba kwenye maporomoko alianguka adui peke yake. Kwa hiyo ni kweli stelingi hafi, ila sio mwandishi aliyeamua. Tuliamua sisi.

Mimi ni wa upelelezi na nitawaambia siri yangu, najua muuaji kwa kidole gumba. Sitanii. Unaposoma kitabu cha karatasi, mkono wa kulia unashika kurasa zilizobaki. Mpelelezi anamgeukia mtunza bustani anasema "ni wewe!", mtunza bustani anatetemeka, ushahidi wote umekaa sawa, hata mimi nimeshawishika, ila kidole kinanambia bado kuna unene wa kama sentimita moja na nusu hapa. Sentimita moja na nusu ya nini? Huyo mzee hana hatia, mwacheni arudi kwenye maua yake. Na kinyume chake, zikibaki kurasa kama kumi na mtu mpya ndio anatambulishwa, huyo hata simwangalii usoni, mwandishi hana tena muda wa kumfanya muuaji bila kunidhulumu. Kwenye simu ni hivyo hivyo, asilimia zinakaa pale chini zinakunong'oneza. Watu wameshaniambia niweke kipande cha karatasi nizifunike. Siwezi, napenda.

Na hilo la kudhulumu sio masihara. 1929 kuna padri wa Uingereza, Ronald Knox, naye alikuwa mwandishi wa hizi hizi, alitunga amri kumi za riwaya ya upelelezi. Mpelelezi mwenyewe asiwe muuaji. Mizimu hairuhusiwi kutatua kesi. Njia ya siri isizidi moja. Mapacha wasichomolewe mfukoni mwishoni bila msomaji kuandaliwa. Mpelelezi akiona ushahidi na mimi nionyeshwe. Nusu anatania ila ukiangalia vizuri ni sheria za mchezo, mimi na mwandishi tumekaa ubaoni tunacheza bao, na ananila kihalali. Nikifungwa kihalali nafurahi kuliko nikishinda. Ndio ule muda unarudi nyuma sura ya tatu kutafuta, na unakuta ilikuwepo! Alisema kabisa saa ya ukutani ilikuwa imesimama, mimi nikaipita kama nampita mtu nisiyemjua.

Hata Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, raha yake ni hiyohiyo, anaona unachokiona halafu anakaa kimya anavuta moshi. Yule Najum, msaidizi wake, na mimi ni ndugu, wote hatuelewi.

Ninachungulia

Nimesoma uzi wote nimeona niseme ukweli wangu japo najua nitatukanwa. Mimi naanza na ukurasa wa mwisho.

KidoleGumba

Astaghfirullah.

MfukoWaKitenge

Dada/kaka hebu toka nje ya uzi taratibu ukavue viatu ujifikirie.

SikioLaUsiku

Moderator njoo huku kuna uhalifu

Ninachungulia

Hahaha nilijua tu. Sasa nisikilizeni. 2011 kuna watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichukua hadithi fupi 12, zikiwemo za upelelezi na zile zenye kugeuka mwishoni, wengine wakasoma hivihivi, wengine wakatobolewa mwisho kabla ya kuanza. Waliotobolewa ndio walizifurahia zaidi. Hata za upelelezi. Mnakataa nini?

Na mleta mada mwenyewe si ndio anachosema toka juu? Kwamba anajua na ndio maana anafurahia. Mimi nimeenda hatua moja mbele yenu tu. Nikishajua muuaji ni shangazi, kila shangazi akimimina chai namwangalia mkono. Nyie mnasoma kitabu kimoja, mimi nasoma viwili kwa wakati mmoja, kile cha shangazi mwema na cha shangazi muuaji, na sentensi ni zilezile.

UkurasaMmojaTu

Hapo umenibana aisee. Nimefikiria kama dakika kumi.

Nadhani ipo tofauti ndogo. Mimi najua stelingi hafi, lakini sijui atakuwa wapi siku asipokufa. Najua tunaelekea wapi, kona sizijui. Wewe umeshazipita kona zote kwa gari la mtu mwingine halafu unarudi kutembea kwa miguu. Sio vibaya, mimi mwenyewe nikirudia kitabu mara ya pili nakuwa kama wewe na kweli kinakuwa kitabu kingine. Ila ile mara ya kwanza, ile ya daftari na 42, inatolewa mara moja tu kwa kila kitabu na wewe unaitapanya. Pale London kuna tamthilia ya Agatha Christie inachezwa toka 1952 na mpaka leo watazamaji wanaombwa mwishoni wakitoka wasitoboe. Mamilioni ya watu na midomo yao, na bado kuna anayekaa leo hajui. Mimi huo uaminifu unanigusa kuliko tamthilia yenyewe.

Swali la kizushi kwenu wote: ni ipi ngumu kuandika? Mimi nasema ya kuchekesha ndani ya ya kutisha. Au nyie mnaonaje

MfukoWaKitenge

Ngumu ni busu la kwanza. Wanaweka mapema tunachoka, wanachelewesha tunakufa. Na wengi wakifika hapo wanaanza kuandika kuhusu bahari na nyota, mimi nilikuwa naangalia watu wawili sasa nyota zimetoka wapi.

SikioLaUsiku

Ngumu ni zimwi likishaonekana. Kurasa 300 limekuwa sauti tu, likitoka sasa lina mikono mirefu na meno. Aa. Meno? Nilikuwa nimejitengenezea langu bora kuliko hilo. Wachache sana wanavuka hapo, wajanja wanaonyesha kisigino tu kinapotea kwenye kona.

Mtu Makini

Wakuu nauliza tu kwa nia njema. Nilimfuata mleta mada inboksi akanipa jina la kile kitabu, nikasema nipitie kurasa mbili tatu nione mnachosifia ili nikosoe kwa ushahidi. Niko asilimia 34. Yule mlinzi kwa nini anarudi kazini?? Amepata 43 usiku wa pili, anapewa likizo, anakataa, anarudi. Mtu mwenye familia. Nina kikao asubuhi.

UkurasaMmojaTu

Karibu mkuu. Taa umewasha?

Mtu Makini

Zote. Ya jikoni pia.

KidoleGumba

Hahahaha mjomba ameingia. Makini, kidole gumba kinasemaje hapo asilimia 34, mlinzi atakufa au hafi?

Mtu Makini

Sio stelingi huyu. Nimegundua sasa hivi. Stelingi ni yule binti wa usafi anayefagia asubuhi, mwandishi amemtaja mara tatu na mara zote amemtaja na jina, mlinzi hana jina. Mtihani.

UkurasaMmojaTu

SISEMI KITU.

JaladaLimechanika

Naomba niingie na mimi ni msomaji wa kimyakimya siku nyingi. Mmegusa habari ya kutoboa nikakumbuka mkasa. Nilinunua riwaya ya upelelezi iliyotumika, imechakaa, jalada halipo. Nafika ukurasa wa 19, pembeni mtu ameandika kwa kalamu ya bluu, amepiga na mshale kwenye jina la mhusika: HUYU NDIYE.

Nilikasirika mpaka nikasimama. Nani anafanya hivi? Nilikuwa nataka kukitupa ila hela yangu imeshaenda, nikasema basi nisome kama Ninachungulia anavyosoma. Nikamkazia macho yule mhusika kurasa 200. Kila anachofanya nasema ahaa. Anaenda kumwona mgonjwa, ahaa. Anafunga dirisha, ahaa. Anatoa pole msibani, mnafiki mkubwa wewe. Nilimchukia yule mtu kwa dhati.

KidoleGumba

Akawa ndiye?

JaladaLimechanika

Hakuwa. Hata karibu hakuwa. Ndiye aliyesaidia kumkamata mwenyewe.

Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Nikajua aliyeandika alikuwa ukurasa wa 19 tu kama mimi, amejiamini, akaandika.

MfukoWaKitenge

Ukafuta?

JaladaLimechanika

Nikafuta kwa wembe taratibu karatasi isitoboke. Halafu nikachukua kalamu ya bluu nikapiga mshale kwa daktari, HUYU NDIYE, nikampa mdogo wangu kitabu.

KidoleGumba

Na daktari ndiye?

JaladaLimechanika

Wewe mkuu unanionaje.